Mshikaji wa Karatasi Hii Afanye Nini

Kwenye pembe ya juu kulia ya ukurasa pana mstatili mdogo mweusi, na ndani yake maandishi ya njano iliyokolea: TLP:AMBER. Chini kabisa ya ukurasa uleule, upande uleule, yamerudiwa. Hakuna picha ya kufuli, hakuna mhuri wa duara wenye ngao ya taifa. Ni herufi nane na nuktapacha. Asiyezijua atazipita kama anavyoipita namba ya ukurasa. Anayezijua ameshaelekezwa kabla hajasoma neno lolote la ripoti: amwonyeshe mwenzake wa kazini anayeihitaji, na mteja wa shirika lake ikiwa habari hiyo inamgusa, zaidi ya hapo asimpe mtu.

Wanaobuni alama za namna hii hawana majina makubwa. Ni watunza kumbukumbu, wataalamu wa usalama wa mifumo, wajumbe wa kamati za viwango. Hukaa mezani wakibishana kama neno moja libaki au litoke, na mabishano ya miezi huishia kwenye kitu kidogo kinachoenea juu ya ukurasa bila kuisumbua habari iliyomo. Nimeitazama kazi yao kwa muda mrefu, na kila nikiitazama naiheshimu zaidi. Ufundi wake unajificha kwa urahisi. Fundi mzuri wa alama ameacha kueleza habari za waraka; anasema na mtu aliyeushika.

Chukua neno tulilolizoea sisi, SIRI, lililopigwa kwa mhuri mwekundu. Neno hilo linamwambia mshikaji kwamba alichokishika ni kizito. Halimwambii akipeleke wapi, amsomee nani, akirudishe lini. Linafanya kazi kwa sababu nyuma yake kuna watu waliofundwa. Katika ofisi za umma za Tanzania masjala huwa mbili, ya wazi na ya siri. Ya wazi ukiingia unakuta rafu za majalada, rejista za barua zinazoingia na zinazotoka, na wasaidizi wa kumbukumbu wanaozikumbuka namba za majalada kwa kichwa. Ya siri huingii. Barua ikifika humo hupigwa mhuri wa tarehe ya kupokelewa, ikapewa namba ya folio, ikatiwa kwenye jalada lake. Jalada likitoka kwenda kwa mkubwa linaandikwa limekwenda kwa nani na siku gani. Likirudi linaandikwa limerudi. Neno la kwenye kava ni moja, lakini kanuni zake zote zimo vichwani na mikononi mwa wahudumu hao. Itoe karatasi hiyo nje ya jengo, uikabidhi kwa mtu wa ofisi nyingine katika nchi nyingine: neno limefika naye, kanuni zimebaki masjala.

Hata hivyo, ndani ya utaratibu huo wa zamani kuna jambo moja ambalo halijapata sifa linayostahili, nalo ni bahasha mbili. Waraka wa siri unaosafiri hutiwa kwenye bahasha ya ndani yenye mhuri na jina au cheo cha mpokeaji, kisha bahasha hiyo ikatiwa ndani ya nyingine yenye anwani peke yake, mithili ya barua yoyote ile. Utaratibu huu unafuatwa na serikali nyingi duniani, na kanuni za Marekani zinauandika waziwazi: alama ya ngazi ya siri iwe ndani, nje isionekane dalili yoyote. Tarishi anayeibeba, mlinzi anayeipokea getini, abiria anayeketi jirani nayo, hakuna hata mmoja anayeona cha kumtamanisha. Aliyebuni bahasha hizo alifahamu kwamba alama yenyewe ni habari. Ukiiweka mahali pasipo pake umeshamtangazia mwizi kwamba hapa pana cha kuibwa. Kwa hiyo sehemu ya ustadi wa kuweka alama ni kujua ni nani hasa anayepaswa kuiona, na saa ngapi: mkono wa kwanza unaofungua bahasha ya ndani, si kabla.

Wamarekani waliusogeza ufundi huu mbali kuliko karibu wote, hadi ndani ya aya. Amri ya Rais namba 13526, iliyotiwa saini Desemba 2009, inataka kila aya ya waraka wa siri ianze na alama yake ndani ya mabano: (U) kwa aya isiyo ya siri, kisha (C), kisha (S), hadi (TS) kwa ngazi ya juu kabisa. Kichwa cha habari nacho kina mabano yake. Juu na chini ya ukurasa inakaa alama ya ngazi kubwa kuliko zote zilizomo. Mbele ya waraka hubandikwa kava la karatasi lenye rangi: la machungwa kwa ngazi ya juu kabisa, jekundu kwa inayofuata, la bluu kwa ya tatu, ili mtu anayepita karibu na meza ajue kwa kutupa jicho tu kama kuna kitu kilichosahaulika hapo.

Alama za aya zinafaa kutazamwa kwa utulivu. Zinamlazimisha mwandishi kuamua, aya baada ya aya, ni nini hasa anachokificha. Mara nyingi atagundua kwamba siri yake yote iko kwenye sentensi mbili, na kurasa zilizobaki ni maelezo ambayo yangeweza kusomwa na yeyote. Mtu atakayekuja baadaye kuufungua waraka kwa umma, au kunukuu sehemu yake kwenye ripoti nyingine, anakuta njia imeshakatwa: hii ichukue, hii iache. Ni ukarimu kwa mtu ambaye mwandishi hatamwona kamwe. Kuna pia mistari mitatu midogo kwenye ukurasa wa kwanza inayotaja ni nani aliyeamua kwamba hii ni siri, kwa sababu gani, na itakoma lini kuwa siri. Mwenye mamlaka ya kuweka alama anatakiwa kutafuta tarehe au tukio la kuufungua waraka. Asipopata, miaka 10 tangu siku ya uamuzi, na ikiwa jambo ni nyeti mno, isizidi 25. Mstari huo wa tarehe naupenda kuliko kava zote za rangi. Alama iliyoandikiwa mwisho wake tangu siku ya kuzaliwa inamzuia aliyeiweka kuificha habari kwa uvivu tu wa kutoamua.

Lakini mfumo huo ni mzito. Unataka mafunzo, na marudio ya mafunzo, na watu walioajiriwa kwa kazi hiyo. Waingereza waliona uzito wa namna hiyo kwao, na mwezi Aprili 2014 wakazipunguza ngazi zao sita hadi tatu. Aliyewahi kujaza fomu yenye ngazi sita anajua sababu. Kati ya ngazi ya pili na ya tatu hakuna anayejua mpaka, na mtu asiyejua mpaka hupanda juu ili awe salama. Baada ya miaka michache kila kitu kiko juu, na alama imekufa.

Sasa turudi kwenye ule mstatili mweusi.

Tuseme benki moja ya Nairobi imegundua kwamba watu fulani wanawatumia wahasibu wake barua pepe za uongo, na kwamba mfanyakazi mmoja amebofya kiungo, na wezi wakaingia. Benki inajua anwani zilizotumika, inajua jina la faili lenye sumu, inajua saa za mashambulizi. Habari hizo zikifika kwa benki nyingine asubuhi ile ile, wizi unakoma. Zikifika magazetini, wateja wanapanga foleni kutoa fedha zao. Zikifika kwa wezi, wanabadilisha mbinu. Benki haina amri juu ya benki nyingine. Haiwezi kupiga mhuri wa serikali. Haina masjala ya pamoja na washindani wake. Ina barua pepe tu, na matumaini kwamba anayeipokea ataelewa mipaka.

Kwa hali kama hiyo ndipo itifaki ya taa za barabarani (Traffic Light Protocol, TLP) ilipobuniwa. Ilitoka Uingereza, miaka ya mwanzo ya 2000, katika kituo cha serikali cha kulinda miundombinu muhimu kilichojulikana kwa herufi NISCC. Baadaye ilichukuliwa na FIRST, jumuiya ya kimataifa ya timu zinazoshughulikia mashambulizi ya kimtandao iliyoanzishwa 1990, ambayo ilitoa toleo lake la kwanza lililosanifishwa mwaka 2016 na la pili Agosti 2022. Kazi ya namna hiyo kwetu inafanywa na timu kama TZ-CERT ya Tanzania na KE-CIRT ya Kenya, zinazopokea na kutoa tahadhari kila kukicha, nyingi zikitoka kwa watu ambao hawajawahi kuonana nao ana kwa ana.

Kuazima rangi za barabarani kulikuwa na busara kubwa kuliko inavyoonekana. Taa ya barabarani haimwelezi dereva wa daladala ukubwa wa makutano wala idadi ya ajali zilizotokea hapo. Inamwambia simama, jihadhari, au pita. Ndivyo lebo hizi zilivyo. Hakuna hata moja inayosema habari hii ni muhimu kiasi gani. Zote zinajibu swali moja la mpokeaji: je, nimpe nani? TLP:RED inasema usimpe mtu: ni kwa macho na masikio ya aliyepewa peke yake, na kama jambo limesemwa mkutanini linabaki na waliokuwamo. TLP:AMBER tumeshaiona. TLP:GREEN inaruhusu habari izunguke ndani ya jamii ya watu wa kazi hiyo, ila isipitie njia zilizo wazi kwa umma. TLP:CLEAR haina kizuizi, mradi haki za mwandishi ziheshimiwe.

Nikifika kwenye maelezo madogomadogo ya kiwango hiki huwa napunguza mwendo, maana hapo ndipo mkono wa fundi unapoonekana. Lebo iandikwe kwa herufi kubwa, bila nafasi kati ya herufi na nuktapacha, ili programu ya kompyuta iitambue na binadamu asiikosee. Kwenye barua pepe ikae kwenye mstari wa mada, kabla barua haijafunguliwa, kisha irudiwe ndani mara tu kabla ya habari inayohusika; na ikibidi ionyeshwe habari hiyo inapoishia. Kwenye waraka ikae juu na chini ya kila ukurasa, kwa sababu kurasa hutengana: moja inabaki kwenye printa, nyingine inapigwa picha kwa simu. Ikae upande wa kulia ikiwezekana, isije ikachanganywa na alama nyingine za ofisi ambazo mara nyingi hukaa katikati. Ukubwa wa herufi usipungue pointi 12.

Halafu rangi. Kiwango kinazitaja kwa namba ambazo skrini huzielewa, yaani kiasi cha nyekundu, kijani na bluu kutoka 0 hadi 255. Njano ya AMBER ni 255, 192, 0. Kijani ni 51, 255, 0. CLEAR ni nyeupe tupu. Zote zinawekwa juu ya nyeusi tititi. Nyekundu ya toleo la 2016 ilikuwa 255, 0, 51. Ya 2022 ni 255, 43, 43. Tofauti hiyo mtu mwenye macho mazima huenda asiione, ila nyekundu mpya inang'aa kidogo zaidi juu ya weusi. Waandishi wa kiwango wanaeleza kwamba wamewafikiria watu wenye uoni hafifu, ambao rangi ikikaribiana mno na mandhari yake hawaisomi. Na kwa kuwa neno RED limeandikwa pamoja na rangi yake, asiyeweza kutofautisha nyekundu na kijani naye hakosi chochote. Waliokaa kubishana juu ya namba hizo walikuwa wanabishana kwa niaba ya mtu mmoja aliyekaa mbele ya skrini mahali fulani, macho yamechoka, saa nane za usiku.

Kiwango kinakubali maelezo yake yatafsiriwe kwa lugha yoyote, lakini lebo zenyewe zibaki kama zilivyo. Mwanzoni nilidhani huo ni ubabe wa Kiingereza. Nikifikiria ile barua pepe ya Nairobi ikipitia Kigali, ikatoka hapo kwenda Muscat, ikaishia Tokyo, naona sababu. Safari nzima lebo inatakiwa itambulike kwa jicho moja, hata na mtu asiyejua lugha ya barua. Hapo herufi zimeacha kuwa maneno, zimekuwa picha.

Marekebisho ya 2022 yanafundisha jinsi ufundi huu unavyoziba nyufa zake. AMBER ya mwanzo iliruhusu habari iende kwa wateja wa mpokeaji. Lakini mtoaji wa habari mara nyingine hutaka ibaki ndani ya shirika moja tu. Kampuni ya ulinzi wa mifumo inaweza kuwa na wateja mamia. Neno moja kwao na dunia nzima imejua. Basi watu wakawa wanaongeza sentensi chini ya lebo, kila mtu yake. Njia rahisi ingekuwa kuongeza rangi ya tano, ya zambarau tuseme, na kuivunja ile picha ya taa ambayo kila mtu anaielewa. Hawakufanya hivyo. Waliongeza TLP:AMBER+STRICT, kwa rangi ileile ya njano. Asiyejua maana ya sehemu iliyoongezwa bado anaona AMBER na anajihadhari. Anayejua anabana zaidi. Katika toleo hilohilo wakafafanua pia maana ya jamii, shirika na mteja, maneno matatu ambayo kila mtu alidhani anayajua.

Ninachokistahi zaidi, hata hivyo, ni mambo ambayo kiwango hiki kinakataa kuyafanya. Kinasema chenyewe kwamba si mfumo rasmi wa ngazi za siri, hakikuundwa kuweka masharti ya leseni wala kanuni za kufunga habari kwa msimbo, na hakikusudii kuathiri sheria za haki ya kupata habari za nchi yoyote. Mtoaji akitaka masharti zaidi, ayaandike. Mpokeaji akitaka kuvuka mpaka, arudi kwa mtoaji akaombe ruhusa. Hakina polisi. Anayekiuka hapelekwi mahakamani kwa ajili ya lebo; anachopoteza ni kupewa habari tena. Kamati yenye majivuno ingejaza kurasa kwa masharti ya adhabu. Hawa waliona kwamba mfumo wa watu wasio na bosi mmoja unabebwa na uaminifu peke yake, wakaupunguza mzigo mpaka uaminifu huo ukaweza kuubeba.

Swali la nani apewe, hata hivyo, ni la zamani kuliko kompyuta.

Machi 1890, mtafiti Jesse Walter Fewkes alifika Calais, mji ulio mpakani katika jimbo la Maine, akiwa na mashine ya Edison ya kunasa sauti. Alirekodi nyimbo, hadithi na maneno ya Wapassamaquoddy, wenyeji wa eneo hilo, kwenye silinda za nta. Hizo ndizo zinazotajwa kuwa rekodi za kwanza za sauti kufanywa na mtafiti wa tamaduni katikati ya watu anaowatafiti. Silinda 31 zimesalia, na zinatunzwa na Maktaba ya Bunge la Marekani, Washington. Kwa miongo mingi aliyezifuata alikuta jina la aliyezikusanya, mwaka, mahali na aina ya wimbo. Kwamba wimbo una wenyewe, na kwamba wenyewe wana taratibu za kuuimba na kuusikiliza, hakuna karatasi iliyomwambia. Wapassamaquoddy wapo hadi leo, Maine. Dwayne Tomah, mtunza lugha wa jamii hiyo, amekaa na rekodi hizo akizisikiliza na kuziandika kwa lugha yao, silinda baada ya silinda, akipenya kelele za nta iliyochakaa.

Mwaka 2010 Jane Anderson na Kim Christen walianzisha Local Contexts, mradi uliotengeneza lebo za maarifa ya jadi, zinazojulikana kwa herufi TK. Kila lebo ni picha ndogo ya nyeusi na nyeupe inayobandikwa kwenye kumbukumbu za makumbusho, maktaba au hazina ya nyaraka. Zipo za kutaja asili, zipo za ruhusa, na zipo zinazoeleza namna ya kukishika kitu. Moja inasema kitu hiki ni cha wanawake tu. Nyingine, cha wanaume tu. Moja inasema ni kitakatifu na cha siri. Moja, ambayo sijaona mfano wake katika mfumo wowote wa serikali, inasema kitu hiki kina majira yake: kisikilizwe wakati fulani wa mwaka, si wakati mwingine. Hebu fikiria mhuri wa SIRI unaojua masika na kiangazi.

Picha ya lebo haibadiliki popote duniani. Jina lake na maelezo ya chini yake huandikwa na jamii yenyewe, kwa lugha yake na kwa sababu zake. Mwaka 2018 Maktaba ya Bunge ilipoziweka rekodi za Wapassamaquoddy mtandaoni upya, lebo tatu zilikaa pamoja nazo, kila moja ikiwa na jina la Kipassamaquoddy. Ya kutaja asili inaitwa Elihtasik, yaani namna linavyofanywa. Ya elimu ni Ekehkimkewey. Ya kuzuia biashara ni Ma yut monuwasiw: hii haiuzwi. Maktaba kubwa kuliko zote nchini mwao ilikubali kuweka maneno ambayo haikuyaandika, juu ya vitu ilivyovimiliki kwa miongo, na kuyatanguliza.

Kuziweka lebo hizi kando ya zile za TLP kunanifurahisha, kwa kuwa mafundi wa pande mbili walifika mahali pamoja wakitokea njia zinazopingana. TLP iligandisha maneno na kuruhusu maelezo yake yatafsiriwe. TK iligandisha picha na kuwaachia wenyewe hata jina. Wa kwanza walikuwa wanawahudumia watu wasiojuana, wenye haraka, wanaohitaji kuelewana ndani ya dakika moja. Kwao tofauti yoyote ni hatari. Wa pili walikuwa wanawarudishia watu neno lililochukuliwa kutoka kwao. Kwao, lebo iliyoandikwa Washington kwa niaba ya watu wa Maine, hata kwa nia njema, ingekuwa uporaji wa pili. Lebo za TK nazo hazina nguvu ya sheria. Zinamweka msomaji mbele ya utaratibu wa mwenye mali, kisha zinamwachia adabu yake.

Hapa Mswahili wa pwani hahitaji maelezo marefu. Anajua kwamba unyago una ndani na nje, kwamba kungwi hasemi mbele ya kila mtu anayoyasema mbele ya mwari, na kwamba kuna nyimbo ambazo mwanamume akipita karibu hukatizwa au hugeuzwa. Jando nalo lina yake. Kanuni hizo za kushika habari zimekuwapo, zikitunzwa na watu walioaminiwa, bila karatasi hata moja. Kisha vikaja vinasa sauti. Hugh Tracey, mkusanyaji wa muziki, alipita Afrika Mashariki na mashine zake mwaka 1950 na mwaka 1952, akirekodi Tanganyika, Zanzibar, Kenya na Uganda, na mkusanyo wake uko katika Maktaba ya Kimataifa ya Muziki wa Kiafrika, Makhanda, Afrika Kusini. Wengine wengi walifuata, wenye kanda za sumaku, kaseti, kamera za video. Siku hizi mtu anarekodi ngoma ya ndani kwa simu na kuipeleka kwa marafiki kabla ngoma haijaisha. Kinachosafiri ni sauti. Kanuni zinabaki uwanjani na wakubwa wanaozijua.

Ningependa kuona hazina zetu za nyaraka na vyumba vya kanda za redio zetu zikifanya kazi hii taratibu, mkusanyo mmoja baada ya mwingine, bila kusubiri mradi mkubwa. Mtunza kumbukumbu achukue kanda, atafute kijiji au mtaa ilikorekodiwa, aende na kifaa cha kuisikiliza. Awaulize wanaoifahamu: hii ni ya nani, inasikilizwa na nani, wakati gani? Pengine watamwambia kwamba haina mwiko wowote, watoto waiimbe shuleni. Pengine mama mmoja ataomba izimwe mpaka wanaume watoke nje. Majibu yote mawili yanafaa kuandikwa. Picha ya lebo tunaweza kuiazima, imeshachorwa na wengine kwa uangalifu. Sentensi ya chini yake aiandike kungwi, au aitamke iandikwe kama alivyoitamka. Na mtunza kumbukumbu ahakikishe inaonekana kabla ya kitufe cha kusikiliza, si baada yake.